Kivinjari na Kompyuta Kuukuu

Tarehe 7 Desemba 1962, katika mji wa Manchester nchini Uingereza, ilizinduliwa mashine ya kuhesabu iliyopewa jina la Atlas, matunda ya ushirika baina ya chuo kikuu cha mji huo na kampuni ya Ferranti, na ndani ya mashine hiyo mabingwa waliokuwa chini ya uongozi wa Tom Kilburn walitia hila moja ambayo haijaondoka katika kompyuta za mezani mpaka leo. Kumbukumbu ya upesi ya Atlas, iliyofumwa kwa vipete vidogo vya sumaku, ilikuwa na nafasi 16,384 tu za kuwekea tarakimu, na kila nafasi iligharimu fedha nyingi. Kando yake palikuwa na mapipa ya sumaku yenye kuzunguka, ambayo nafasi zake zilikuwa mara sita ya hizo, mapipa rahisi kwa bei walakini mazito kwa mwendo. Kabla ya hapo kila mwandishi wa programu alilazimika kupanga mwenyewe kipi kikae katika kumbukumbu ya upesi na kipi kingoje nje, kazi ya kuchosha iliyozaa makosa mengi. Kilburn na wenzake wakaamua kwamba programu idanganywe: iamini kuwa ina kumbukumbu moja kubwa, na mashine yenyewe, bighairi ya kumwuliza mtu, ihamishe vipande vya habari, vilivyoitwa kurasa, kati ya vipete na pipa kila haja ilipotokea.

Hila hiyo ilifaulu, ikaigwa kila mahali, na baada ya miaka michache hatari yake ikafichuka. Mwaka 1968 mtaalamu wa Kimarekani, Peter Denning, alieleza kwa hoja na hesabu kwa nini mashine zilizotumia mtindo huo zilikuwa zikizimia ghafla: programu zikizidi kiasi, kila moja hutaka kurasa zake zirudishwe, na ili zirudishwe hutolewa kurasa za mwenzake, ambaye naye punde si punde huzidai zake, hata ikafika saa ambapo mashine imeacha kabisa kazi iliyotumwa na inashughulika na kupakia na kupakua tu. Ubaya wa jambo hili ni kwamba haliji kwa daraja. Maadamu kurasa zinazohitajiwa zinaenea katika kumbukumbu, mambo ni salama salimini. Mpaka ukivukwa kwa kiasi kidogo, mwendo huporomoka, kwa kuwa diski ya kuzunguka huwa nyuma ya kumbukumbu kwa takriban mara laki moja katika kuifikia habari moja.

Mtu yeyote aliyewahi kukaa mbele ya kompyuta ya mtumba yenye megabaiti 256 za kumbukumbu, akafungua barua pepe katika kichupo kimoja, gazeti katika cha pili na picha za arusi ya jamaa katika cha tatu, amekwisha kuyaona kwa macho yake aliyoyaandika Denning, ingawa jina lake hakulisikia. Taa ndogo ya diski, ambayo kwa desturi humetameta na kutulia, huwaka mfululizo. Ndani ya kasha husikika mkwaruzo. Mshale wa kipanya hutembea kwa kurukaruka. Na herufi anazozichapa hazionekani, mpaka baada ya muda zikamwagika kwenye kioo zote kwa mkupuo mmoja, pamoja na zile alizozirudia kwa kudhani kwamba hazikuingia. Hapo husema kompyuta imeganda, na fundi akiitwa aghalabu hujibu kwamba imezeeka. Mintarafu ya uzee huo mimi nina shaka. Ukiacha vumbi linaloziba feni, na joto linaloifanya prosesa ijipunguzie mwendo, hesabu ambayo mashine iliimaliza kwa sekunde moja mwaka 2003 itaimaliza kwa sekunde hiyo hiyo leo. Kilichobadilika ni mzigo, na mzigo mkubwa kuliko yote katika mashine ya mtu wa kawaida ni kivinjari. Tarikhi ya mzigo huo inastahili kusimuliwa kwa utaratibu, maana haukuja kwa siku moja wala kwa uzembe mtupu. Kila ratili iliyoongezwa ilinunua kitu fulani, na swali lisiloulizwa mara nyingi ni nani aliyekipata kitu hicho na nani aliyekilipia.

Kivinjari cha kwanza kiliandikwa mwishoni mwa mwaka 1990 na Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva katika mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Alikiandika juu ya kompyuta ya NeXT, chombo cha fahari ambacho watu wachache walikimiliki, na kwa hiyo uvumbuzi wake ulikabiliwa tangu kuzaliwa na mushkili huu huu tunaouzungumza: wanasayansi wengi wa maabara ile walikuwa na mashine nyingine, nyingi zao dhaifu. Dawa iliyopatikana ilikuwa kivinjari cha pili, kilichoandikwa na Nicola Pellow, mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza aliyekuwa pale kwa mafunzo ya kazi. Chake kilionyesha maandishi matupu, mstari baada ya mstari, na viungo vyake vilifuatwa kwa kuchapa nambari. Hakikuwa na picha wala kipanya, lakini kiliweza kufanya kazi karibu katika kila mashine iliyokuwa na kioo na kibodi. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Kansas kilianza kutengeneza kivinjari kingine cha maandishi, Lynx, ambacho kingali kikitunzwa hata sasa. Wanaodhani kwamba fikira ya kumjali mwenye mashine ndogo ni huruma ya zama hizi hawana budi kukumbushwa kwamba kivinjari cha maskini kilifuata kile cha tajiri kwa miezi michache tu.

Mambo yaligeuka mwaka 1993, katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, ambapo Marc Andreessen na Eric Bina walitoa Mosaic, kivinjari kilichoziweka picha ndani ya ukurasa ule ule wa maandishi. Umma ulikipenda, na haki yake kilipendwa. Ila mwenye kutaka kujua mzigo ulianzia wapi na apige hesabu ndogo. Picha yenye nukta elfu moja kwa upana na elfu moja kwa urefu husafiri mtandaoni ikiwa imebanwa, ikapungua hadi kilobaiti mia mbili au chini yake, lakini haionekani mpaka ikunjuliwe, kama kanga iliyotoka sandukuni, na ikikunjuliwa kila nukta hudai baiti nne, jumla yake baiti milioni 4. Microsoft ilipoitoa Windows 95, mwezi Agosti 1995, ilitangaza kwamba kompyuta ya megabaiti 4 yaweza kuiendesha. Picha moja ya wastani wa leo ingeimaliza kumbukumbu yote ya mashine hiyo, isibaki nafasi ya kivinjari chenyewe, sembuse mfumo.

Andreessen alihamia California, na mwaka 1994 yeye na Jim Clark wakaanzisha kampuni ambayo baadaye iliitwa Netscape. Mwezi Mei 1995 mfanyakazi wao, Brendan Eich, aliandika katika siku kumi umbo la kwanza la lugha iliyokuja kuitwa JavaScript, na kutokana na siku kumi hizo ukurasa wa wavuti ulianza kuacha kuwa waraka wa kusomwa ukawa programu yenye kutenda, yenye kumbukumbu yake na haja zake. Katika mwaka huo huo mzee wa fani hii, Niklaus Wirth wa Zurich, mtunzi wa lugha ya Pascal, alichapisha makala ya kuwasihi wenzake waandike programu nyembamba, akitaja kanuni kwamba programu huwa nzito upesi kuliko mashine zinavyopata upesi. Makala yale yalisifiwa sana. Netscape nayo, ambayo pengine wafanyakazi wake waliyasoma, ilitoa mwaka 1997 furushi liitwalo Communicator, ambalo ndani yake mlikuwa na kivinjari, chombo cha barua, chombo cha kutungia kurasa na mengineyo, hata mtu aliyetaka kusoma ukurasa mmoja akalazimika kubeba ofisi nzima.

Furushi hilo lilishindwa mbele ya Internet Explorer ya Microsoft, ambayo ilikuja pamoja na Windows na kuonekana nyepesi kwa sababu sehemu kubwa ya viungo vyake ilikuwa imekwisha kupakiwa na mfumo wenyewe kabla mtu hajaibofya. Tarehe 31 Machi 1998 Netscape ilifungua msimbo wake kwa walimwengu, na mradi wa Mozilla ukazaliwa. Lakini Mozilla ilipokamilika, mwezi Juni 2002, ilikuwa bado ni furushi. Ndipo vijana wachache wa ndani ya mradi, miongoni mwao Dave Hyatt na Blake Ross, ambaye hakuwa hata na umri wa miaka ishirini, walipochukua kisu wakakata: barua nje, utungaji nje, kila kisichokuwa kuvinjari nje. Toleo la kwanza la kazi yao, mwezi Septemba 2002, liliitwa Phoenix, na baada ya kubadilishwa jina mara mbili likatoka rasmi tarehe 9 Novemba 2004 likiitwa Firefox. Wepesi ndio uliokuwa sifa yake na sababu ya kuwapo kwake, na hilo lafaa kukumbukwa kwa ajili ya yatakayofuata.

Mwaka mmoja tu baadaye watumiaji walianza kulalamika kwamba Firefox inakula kumbukumbu bila kushiba. Toleo la 1.5, la mwezi Novemba 2005, lilikuwa na maarifa mapya: ukurasa uliouacha haukutupwa bali ulihifadhiwa mzima mzima katika kumbukumbu, ili ukibonyeza kitufe cha kurudi utokee papo hapo, na katika kompyuta yenye gigabaiti moja ziliweza kuhifadhiwa kurasa nane za namna hiyo. Mwezi Februari 2006 Ben Goodger, kiongozi wa wahandisi wake, alieleza hadharani kwamba sehemu ya kile kilichoitwa uvujaji ni fadhila iliyokusudiwa. Kwa upande mmoja alisema kweli. Kwa upande mwingine yeye na wenzake walikuwa wamemnunulia mtumiaji upesi wa kurudi nyuma kwa fedha ya mtumiaji mwenyewe, bila kumpa hesabu, na mwenye kumbukumbu haba, ambaye diski yake ilikuwa ikikwaruza, hakuona fadhila yoyote.

Na uvujaji wenyewe, ule wa kweli, ulikuwapo pia, nao una ufundi wa kushangaza. Kompyuta haitupi kitu mpaka ijue kwamba hakuna anayekihitaji, na njia nyepesi ya kujua ni kuhesabu wangapi wamekishika: hesabu ikifika sifuri, kitu huondolewa. Chukua basi kitufe kilicho katika ukurasa, na programu ndogo ya JavaScript inayongoja kitufe hicho kibonyezwe. Kitufe kimeishika programu, ili kijue cha kufanya. Programu imekishika kitufe, ili ijue pa kuandika jibu. Ukurasa ukifungwa, kila mmoja bado ameshikwa na mwenzake, hesabu haifiki sifuri kamwe, na vyote viwili hubaki vikichukua nafasi kwa manufaa ya mtu asiyekuwapo. Internet Explorer 6, iliyotoka mwaka 2001 katika zama za Windows XP, ilisumbuliwa sana na ugonjwa huu, kwa sababu vitu vya ukurasa na vitu vya JavaScript vilitunzwa na wahasibu wawili wasiojuana. Firefox 3, iliyotolewa tarehe 17 Juni 2008 na kupakuliwa mara zaidi ya milioni 8 katika muda wa siku moja, ilileta mkusanyaji maalumu wa kuzitafuta duara kama hizo na kuzikata. Ilileta kadhalika mgawaji mpya wa kumbukumbu, jemalloc, kazi ya Jason Evans iliyotumika kwanza katika mfumo wa FreeBSD, kwa kuwa ilikuwa imegunduliwa kwamba kumbukumbu hupotea pia kwa kukatikakatika: vitu vidogo vikiondoka huku na huku huacha mianya mingi ambayo kwa jumla ni kubwa, walakini hakuna hata mmoja unaotosha kitu kikubwa kinachobisha hodi.

Miezi mitatu isiyotimia baada ya hapo, tarehe 2 Septemba 2008, Google iliingia uwanjani na Chrome. Mantiki yake ilikuwa ya ujasiri: badala ya kuhangaika kuziba kila tundu, kila kichupo kipewe mchakato wake, kama programu iliyo mbali, na kichupo kikifungwa mchakato uuawe, na mfumo wa kompyuta uichukue kumbukumbu yake yote, iliyotumika na iliyovuja. Ukurasa mmoja ukizimia haukuwazimisha wenzake. Bei yake ilikuwa kwamba kila mchakato ulikuja na mizigo yake ya kuanzia, na vitu ambavyo zamani vilitumiwa kwa ushirika sasa vilikuwa na nakala nyingi. Mwenye gigabaiti 4 alifurahi. Mwenye nusu gigabaiti alifungua vichupo vitano akarudi Manchester ya mwaka 1962, kwenye pipa linalozunguka.

Sura ninayoiona kuwa tukufu kuliko zote katika tarikhi hii haina jina la kuvuma. Mwezi Juni 2011 Nicholas Nethercote, mhandisi wa Mozilla aliyekuwa akiishi Australia, ambaye tasnifu yake ya udaktari ya Cambridge ilikuwa juu ya zana za kuchunguza programu zikiwa kazini, alianzisha kazi iliyoitwa MemShrink. Hakukuwa na uvumbuzi wa kutangazwa kwa tarumbeta. Palikuwa na kikao cha kila mara, orodha ya dosari zilizopangwa kwa uzito, na ukurasa mmoja wa ndani ya kivinjari ambao mtu yeyote angeweza kuufungua akaona kumbukumbu yake imekwenda wapi, fungu kwa fungu, kama daftari la mwenye duka lililo wazi mbele ya wateja. Firefox 7, ya mwezi Septemba 2011, ilitangazwa kuwa inatumia kumbukumbu pungufu kwa asilimia 20 hadi 30 katika hali nyingi. Lakini wachunguzi walizidi kukuta kurasa ambazo zimekwisha kufungwa na hata hivyo zingali hai kumbukumbuni, na walipofuata nyayo waligundua kwamba mara nyingi mshikaji alikuwa kiendelezi, yaani moja ya zile programu ndogo za ziada ambazo watumiaji hujiongezea wenyewe, zilizoandikwa na watu walio nje ya Mozilla kwa maelfu. Kuwaendea waandishi hao mmoja mmoja kuwataka warekebishe ilikuwa kazi isiyo na mwisho. Kyle Huey, mmoja wa wahandisi, akatafuta njia nyingine: ukurasa unapofungwa, kivinjari chenyewe kikate kila mkono wa kiendelezi unaoushika, apende asipende mwandishi wake. Dawa hiyo ilitoka katika Firefox 15, mwezi Agosti 2012, na kwa mkato mmoja ikaondoa sehemu kubwa ya uvujaji wa viendelezi.

Kisa cha viendelezi kina mzaha wake. Watu wenye kompyuta kuukuu walinasihiana, na bado hunasihiana, kutumia kiendelezi cha kuzuia matangazo ya biashara, nasaha iliyo sahihi kabisa kwa kuwa matangazo na programu zake za upelelezi ni sehemu kubwa ya uzito wa kurasa. Mwaka 2014 Nethercote alionyesha kwa vipimo kwamba Adblock Plus, kilichokuwa mashuhuri kuliko vyote vya aina hiyo, kilikuwa kikipachika orodha yake ndefu ya kanuni katika kila kijidirisha kilichomo ndani ya ukurasa, na kurasa zenye vijidirisha vingi zilivimba kwa namna ya kutisha. Mlinzi aliyeajiriwa kuwafukuza walafi alikuwa na tumbo lake. Viendelezi vipya vyenye kazi hiyo vimejifunza kula kwa adabu.

Yote haya yakitendeka ndani ya vivinjari, kurasa zenyewe hazikukaa kimya. Tangu Gmail ya mwaka 2004 na ramani za Google za mwaka 2005, ilithibitika kwamba ukurasa waweza kufanya kazi ya programu kamili, na waandishi wa tovuti wakapokea ithibati hiyo kama ruhusa. Mradi wa HTTP Archive, unaopima kurasa kwa wingi, ulikuta mwishoni mwa mwaka 2010 kwamba ukurasa wa kati na kati ulikuwa na uzito usiotimia kilobaiti 500. Baada ya miaka kumi ulipita megabaiti 2, na huo ni uzito wa safarini tu, kabla ya kukunjuliwa. Sidhani kama habari zilizoandikwa katika kurasa hizo ziliongezeka mara nne. Ukurasa wa gazeti wenye makala ya maneno mia sita huja na msafara wa programu za kumhesabu msomaji, kumfuata, kumnadi kwa watangazaji na kumwonyesha filamu asiyoiomba, na msafara huo wote hula katika sahani ya kumbukumbu ya msomaji. Wanaozitengeneza hukaa mbele ya kompyuta mpya zenye kumbukumbu tele, na kwao hakuna kinachoganda.

Hata hivyo si haki kuwatupia wafanyabiashara lawama yote. Mwezi Januari 2018 ulimwengu uliambiwa juu ya Spectre na Meltdown, kasoro zilizokuwa zimejificha ndani ya prosesa kwa miaka mingi, ambazo kwazo programu iliyomo katika ukurasa mmoja ingeweza kuchungulia siri za mwingine uliomo katika mchakato ule ule. Kinga ya hakika ilikuwa kutenga: kila tovuti iwe na mchakato wake, hata kijidirisha cha tovuti moja kilichomo ndani ya ukurasa wa nyingine. Chrome ililiwasha jambo hilo kwa watumiaji wa kompyuta katika mwaka huo huo, na Google ikakiri kwamba linaongeza matumizi ya kumbukumbu kwa asilimia 10 hadi 13. Firefox, ambayo mwezi Juni 2017 ilikuwa imejizuia kwenye michakato minne ya kurasa kwa madhumuni ya kubana matumizi, nayo ikalazimika kufuata mwaka 2021. Mwenye kompyuta ndogo alitozwa ushuru huu sawasawa na tajiri, lakini safari hii alinunuliwa usalama wa siri zake, na mimi katika nafasi yake ningelipa.

Ushuru kama huo ndio unaojibu swali la werevu wanaouliza: kwa nini mtu asibaki na kivinjari cha zamani, kilichokuwa chepesi? Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ilidai megabaiti 64 kwa uchache, na kwa wengi iliendelea kuwa mfumo wao muda mrefu baada ya Microsoft kuacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014. Chrome iliiacha mwezi Aprili 2016, Firefox mwaka 2018. Aliyebaki na toleo la mwisho alikuta kwanza kwamba anakaa nyumba isiyo na komeo, kisha kwamba tovuti zinamkatalia mlangoni, kwa kuwa zimehamia kwenye usimbaji mpya wa siri ambao kivinjari chake hakiujui. Wepesi wa kale ulikuwapo pale pale katika mashine yake, ila hapakuwa na pa kwenda nao.

Katika Afrika ya Mashariki tarikhi hii ilikuwa na mwendo wake. Kabla ya mwaka 2009 intaneti ya pwani yetu ilipitia zaidi kwenye setilaiti, ghali na nzito, na katika vibanda vya intaneti vya Dar es Salaam na Mombasa, vilivyojaa mashine za mtumba kutoka Ulaya, mteja aliyelipia nusu saa aliutupia mtandao kila lawama, kwa sababu mtandao ulikuwa mzito kuliko hata mashine. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari zilifika: TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa, na SEACOM iliyotua Mombasa na Dar es Salaam. Kurasa zilizokuwa zikidondoka tone kwa tone zikaanza kuingia kwa mfuriko, nazo zilikuwa zimekwisha kunenepa huko zilikotoka, na hapo ndipo udhaifu wa megabaiti 256 ulipojidhihirisha pasipo kisingizio. Wenye vibanda walizidi kununua mwendo wa mtandao na wateja wakazidi kunung'unika, hali kipande cha kumbukumbu cha megabaiti 512 kwa kila mashine kingewatosheleza wote.

Wengi kati ya watu wetu walikuwa wamekwisha kuuepuka mushkili huo kwa kutumia simu. Kampuni ya Opera ya Norway ilikuwa imeeneza ulimwenguni, tangu Januari 2006, kivinjari cha Opera Mini, ambacho hakikuufungua ukurasa ndani ya simu: seva za kampuni ziliufungua, zikaufinyanga, zikaubana, na simu ikapokea umbo jepesi lililo tayari kuonyeshwa. Kwa hiyo kumbukumbu iliyotumika ilikuwa ya Opera, na data ya mteja ikapungua kwa hadi asilimia 90. Mteja alilipa kwa njia nyingine, maana kurasa zenye kutenda zilipooza, na kila alichokisoma kilipitia mikononi mwa mtu wa kati.

Siku hizi mwenye kompyuta kuukuu ana dawa kadhaa, na mafundi wetu wanazijua: kuongeza kumbukumbu ikiwa nafasi ipo, kubadilisha diski ya kuzunguka kwa ile isiyozunguka, ambayo huipunguza sana adhabu aliyoieleza Denning, au kuweka Linux nyepesi mahali pa Windows. Vivinjari navyo vimejitungia dawa. Tangu mwaka 2015 Chrome hukiua kimyakimya kichupo kisichotazamwa pindi kumbukumbu inapokaribia kwisha, likabaki jina lake tu juu ya kioo, na ukikigusa hukipakua upya kutoka mtandaoni. Katika nchi ambazo mtandao hulipiwa kwa mwezi, bila kikomo, hiyo ni tiba isiyo na gharama. Kwa mtu anayevinjari kwa bando la siku, ambaye aliifungua makala yake asubuhi na kuilipia, kuigusa tena jioni ni kuinunua mara ya pili, na kama bando limekwisha, kioo humjibu kwamba hakuna intaneti, ingawa makala hiyo aliiacha imefunguka yote mbele yake.